Kuacha Shule au Kumaliza Kidato cha Nne: Mwongozo Kamili wa Kufanya Uamuzi kwa Mwanafunzi na Mzazi

Wanafunzi na wazazi wanaoniuliza kuhusu kuacha shule hukwama karibu wote mahali pamoja. Wanabishana kama elimu ina faida au haina. Mzazi anamtaja daktari wa ukoo, mwanafunzi anamtaja mhitimu wa chuo kikuu aliyeko mtaani bila ajira, na mjadala unaishia hapo hadi mmoja wao achoke. Swali hilo ni kubwa mno na halina jibu. Linalojibika ni dogo zaidi: mwanafunzi huyu, wa kidato hiki, mwenye tatizo hili, akiondoka mwezi huu atakwenda wapi, kutoka kwake kutamgharimu nini, na siku akitaka kurudi atapitia mlango gani?

Mwongozo huu unahusu sekondari za serikali za Tanzania Bara, kidato cha kwanza hadi cha nne. Zanzibar ina sheria na taratibu zake. Someni hatua zote pamoja, mwanafunzi na mzazi au mlezi, kabla ya kuanza ya kwanza.

## Vitu vinavyohitajika

- Daftari moja jipya litakalotumika kwa kazi hii peke yake.
- Ripoti za mihula yote, pamoja na matokeo ya upimaji wa kidato cha pili kwa aliyekwisha kuufanya.
- Cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, anzeni kukifuatilia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, sasa, kwa sababu kitahitajika katika kila njia itakayochaguliwa.
- Namba ya mtihani wa darasa la saba, na namba ya usajili ya mwanafunzi katika PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, ambayo ofisi ya taaluma ya shule inayo.
- Orodha ya fedha zote zilizotumika shuleni mwaka huu: sare, daftari, nauli, chakula, michango, kodi ya chumba.
- Kalenda ya mwaka huu na ya mwaka ujao.
- Watu watatu wa kuzungumza nao: mwalimu wa malezi na unasihi, mtu anayeifanya kazi unayoitamani kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mtu aliyeacha shule akiwa kidato kama chako.

Huyo wa mwisho ndiye ambaye wengi humruka. Mtafuteni, hata kama yuko kijiji cha pili.

## Hali ambazo hazisubiri hatua hizi

Kama msichana anaondolewa shule ili aolewe, hapo hakuna uamuzi wa kupima. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanafanya kumwoa au kumpa ujauzito mwanafunzi wa msingi au sekondari kuwa kosa lenye kifungo cha miaka 30. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au pigeni 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Fanyeni hivyohivyo kama mwanafunzi anapigwa hadi kujeruhiwa, au kama kuna mtu mzima anayemtaka kimapenzi, awe wa shuleni au wa nje.

## Hatua ya 1: Ahirisha uamuzi, lakini usiache kuhudhuria

Andika katika ukurasa wa kwanza wa daftari tarehe ya leo na tarehe ya kuamua, ikiwa mbele kwa wiki sita au zaidi na isitangulie mwisho wa muhula. Katika muda huo mwanafunzi aendelee kwenda shule kila siku, hata kama moyo wake umeshatoka.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba uamuzi wa kuacha shule huja kwa misimu: Januari, matokeo ya kidato cha pili yanapotoka, wiki ya adhabu kali, msimu wa mavuno au wa dagaa, pesa zinapoonekana mikononi mwa wenzako. Ukiamua ndani ya msimu huo, unaamua kwa hasira au kwa tamaa, na vyote viwili hupita. Ya pili ni ya kiofisi. Mwanafunzi anayekaa nyumbani "akifikiria" anaandikwa mtoro kwenye rejista, utoro wa muda mrefu unamwondoa shuleni, na familia inajikuta imeamua bila kuamua.

Angalizo: Usimwambie mwalimu wa darasa "nimeacha" kabla ya tarehe uliyoiandika. Mwambie mwalimu wa unasihi kwamba una jambo unalolipima na unahitaji msaada wake.

Dalili ya kufanikiwa: Tarehe mbili zimeandikwa, mzazi na mwanafunzi wametia saini, na mahudhurio hayajakatika.

## Hatua ya 2: Tafuta kinachokukimbiza hasa

Andika sentensi moja: "Nataka kuacha shule kwa sababu…" Kisha chini yake jiulize "kwa nini hivyo?" na uandike jibu, na chini ya jibu hilo uulize tena. Endelea hadi ufike kwenye kitu ambacho mtu anaweza kukigusa: umbali, kiasi cha fedha, somo, mtu, au saa fulani ya siku.

Hatua hii inaonekana nyepesi lakini ndiyo inayobadilisha maamuzi mengi kuliko zote. Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliandika mbele yangu kwamba shule imemchosha. Kwa nini? Kwa sababu kila siku anaadhibiwa. Kwa nini? Kwa sababu anachelewa. Kwa nini anachelewa? Kwa sababu anaondoka nyumbani baada ya kukamua ng'ombe, na njia ni ndefu, na mto ukijaa anazunguka. Alipofika hapo akanyamaza, akaitazama karatasi. Baba yake, aliyekuwa amekaa kando akiamini kwamba mwanawe ni mvivu, akasema ng'ombe anaweza kuwakamua yeye mwenyewe. Tatizo lililokuwa limeitwa "shule" lilikuwa zamu ya asubuhi zizini.

Si kila familia itapata jambo dogo kama hilo. Wengine watakuta sababu nzito: mama mgonjwa asiye na wa kumuuguza, au deni linalotaka mikono yote ya nyumbani. Hata hivyo ni bora kuijua kwa jina lake, kwa sababu sababu ya fedha hutibiwa tofauti na sababu ya aibu, na anayeacha shule kwa aibu huku akisema ni fedha hatasaidiwa hata akilipiwa kila kitu.

Angalizo: Mzazi asiandike majibu kwa niaba ya mtoto, wala asimkatize. Kama mwanafunzi anaona haya kusema mbele ya mzazi, aandike peke yake au na mwalimu wa unasihi. Msichana apewe nafasi ya kuzungumza na mwalimu wa kike.

Dalili ya kufanikiwa: Mstari wa mwisho wa ukurasa ni kitu kimoja kinachoonekana au kuhesabika. Ukiwa bado na maneno kama "maisha magumu" au "sina akili", hujamaliza.

## Hatua ya 3: Tibu sababu hiyo kwanza, kwa muda uliopangwa

Kabla ya kuihama shule, jaribu kuliondoa lile lililoandikwa katika mstari wa mwisho. Lipe muda hadi mwisho wa muhula. Dawa hutegemea ugonjwa.

Kama ni fedha. Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023. Kinachobaki ni sare, vifaa, chakula, nauli na michango. Nendeni na ile orodha kwa mkuu wa shule na mwulize mambo mawili: mchango upi ni wa lazima, na upi unaweza kulipwa kwa awamu au kwa mazao. Shule nyingi za vijijini hupokea mahindi na maharage kwa ajili ya chakula cha mchana. Mwanafunzi asifukuzwe kwa sababu ya mchango. Ikitokea, mzazi aende kwa afisa elimu kata siku hiyohiyo. Kaya yenye hali ngumu kabisa iulize kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kuhusu mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, ambao umekuwa ukizingatia kaya zenye watoto walioko shuleni.

Kama ni umbali. Uliza kama kuna hosteli ya shule au ya kijiji, kama kuna ndugu aliye karibu zaidi, na kama uhamisho wa kwenda shule ya kata nyingine unawezekana. Baiskeli iliyotumika mara nyingi ni nafuu kuliko kodi ya chumba cha mwaka mzima. Kuhusu kumpangia mwanafunzi geto, nasema wazi kwamba silipendi, hasa kwa wasichana: mtoto wa miaka 15 anayelala peke yake, anayejipikia na kujilipia mkaa, huacha shule kwa sababu nyingine mpya kabla ya mwaka kwisha. Kama hakuna njia nyingine, wapangeni wanafunzi wawili au watatu wa jinsia moja katika nyumba ya mtu mzima mnayemjua, na mzazi afike pale bila kutoa taarifa.

Kama ni kufeli. Mwanafunzi aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili anakutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza anapoingia kidato cha kwanza. Wengi wanaojiita wazito hawajashindwa Biolojia. Wameshindwa kuisoma sentensi ya Biolojia. Kipimo chake ni rahisi. Chukua swali ulilolikosa, mwombe mwalimu au mwenzako akueleze kwa Kiswahili linataka nini, kisha ulijibu kwa Kiswahili. Kama unalijua jibu, tatizo lako ni lugha, na lugha ina dawa. Tenga daftari la msamiati kwa kila somo, andika maneno kumi kila siku kutoka kwenye kitabu cha kiada, na kila neno ulitungie sentensi ya somo hilo. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure katika maktaba mtandao yake. Baraza la Mitihani nalo hutoa katika tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, unaoonyesha maswali yalivyojibiwa vizuri na yalivyoharibiwa. Ni kitabu bora cha bure ambacho wanafunzi hawakifungui.

Kama umeshindwa upimaji wa kidato cha pili na umetakiwa kurudia, rudia. Aibu ya kukaa na wadogo zako hudumu wiki chache. Kukosa cheti hudumu kuliko hapo.

Kama ni adhabu, kuonewa au ugomvi na mwalimu. Andika tarehe, mahali na kilichotokea. Mzazi aende shuleni akiwa na karatasi hiyo, aanze na mwalimu wa darasa, kisha mkuu wa shule, kisha bodi ya shule, na mwisho afisa elimu kata. Asianze na kelele, kwani kelele humfanya mkuu wa shule amlinde mwalimu wake badala ya kusikiliza.

Kama ni ujauzito au mtoto mchanga. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ukiwemo ujauzito, kurudi katika mfumo rasmi wa elimu. Mlango upo, na mwenye mtoto asikubali kuambiwa nafasi yake imekwisha. Kinachotakiwa ni kupanga mapema nani atabaki na mtoto, atanyonyeshwa saa ngapi, na kama kuhama shule kutampunguzia masengenyo.

Kama ni mgonjwa wa kuuguza au wadogo wa kulea. Andikeni ratiba ya nyumba nzima kwa wiki, saa kwa saa. Mara nyingi mzigo umemwangukia mtoto mmoja, na mara nyingi ni binti, ilhali wapo kaka na wajomba wanaoweza kushika zamu. Hili ni jambo la kikao cha ukoo, na mzee anayeheshimiwa ndiye aliitishe.

Dalili ya kufanikiwa: Muhula umekwisha na unaweza kusema kwa ushahidi ama "sababu imepungua" ama "tumejaribu hili na hili na sababu bado ipo". Majibu yote mawili yanafaa kuendelea nayo.

## Hatua ya 4: Hesabu miezi iliyobaki na thamani ya cheti

Fungua kalenda. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayetaka kuacha mwezi Agosti amebakiza miezi 15 tu.

Sasa linganisha na njia ya kurudi. Aliyeacha kabla ya kumaliza, akitaka cheti baadaye, kwa kawaida hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao wengi wanauita QT, na akifaulu ndipo anajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. QT nao hufanyika Novemba. Maana yake ni kwamba hata yule aliyejuta mapema kabisa, akajisajili mwanzoni mwa mwaka unaofuata, atakuwa anafanya QT katika Novemba ileile ambayo wenzake wanafanya mtihani wa mwisho. Wa kwake utakuja mwaka mmoja baadaye, na atakuwa amejilipia usajili mara mbili, pamoja na kituo cha kusomea, huku akifanya kazi. Kwa anayejuta baada ya miaka mitano, mwenye familia, hesabu ni nzito zaidi.

Baada ya hapo pima cheti chenyewe. Wanafunzi wengi huacha kwa kuamini kwamba wasipopata daraja la kwanza au la pili wamepoteza muda. Hesabu haisemi hivyo. Daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Mwanafunzi mwenye D nne na F tatu ana pointi 31, yaani daraja la nne. Na D nne hizo, kama si za masomo ya dini, ndiyo sifa ya msingi ya kuingia ngazi ya astashahada ya awali katika vyuo vingi vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Kutoka hapo mtu hupanda hadi stashahada, na wapo wanaofika shahada kwa ngazi hiyohiyo. Alama ya D huanzia 30 kwa 100.

Kila fani ina masharti yake, kwa hiyo soma masharti ya fani unayoitaka. Kozi nyingi za afya, kwa mfano, hudai ufaulu wa Biolojia, Kemia na Fizikia. Kidato cha tano hudai angalau C tatu.

Kwa hiyo swali la hatua hii si "nitafaulu vizuri?" bali "ni masomo gani manne ninayoweza kuyafikisha 30 kwa uhakika, na 45 kama nikijitahidi?" Yaandike. Mwanafunzi dhaifu aliyekuwa anatawanya nguvu zake kwenye masomo tisa hupata nafuu anapoona orodha ya masomo manne. Asiyaache yale mengine, ila ajue wapi pa kuanzia kila jioni.

Angalizo: Hii si ruhusa ya kulenga D. Ni kipimo cha chini cha kumzuia mtu asiondoke kwa hofu ya kufeli kabla hajafeli.

Dalili ya kufanikiwa: Umeandika idadi ya miezi, masomo manne ya msingi, na fani mbili ambazo cheti hicho kitakufungulia.

## Hatua ya 5: Hesabu kazi unayoikimbilia

Fanya hesabu hii pamoja na yule mtu anayeifanya kazi hiyo tayari. Usimwulize "inalipa?" kwa sababu atajibu kwa siku yake nzuri. Mwulize jana alipata ngapi, juzi ngapi, na siku ya mvua ngapi.

Chukua bodaboda ya hesabu kama mfano wa namna ya kuandika, kisha uweke namba za mtaani kwenu. Tuseme dereva anaingiza Sh 25,000 kwa siku. Anampelekea mwenye pikipiki hesabu ya Sh 10,000, anatia petroli ya Sh 8,000, anakula kwa Sh 3,000. Zinabaki Sh 4,000. Katika hizo zitoke pancha, oili, tairi, mchango wa kijiwe na faini. Siku ya mvua au ya homa hesabu inadaiwa vilevile. Andika wiki nzima, si siku moja.

Kisha weka sheria mezani. Leseni ya kuendesha bodaboda hutolewa kwa mwenye miaka 18 au zaidi. Kijana wa miaka 16 anayeendesha ni halali ya kila askari anayemsimamisha, na akimgonga mtu hana leseni wala bima ya kumsitiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na wa miaka 14 kwenda juu inamruhusu kazi nyepesi zisizomdhuru wala kuathiri masomo yake. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi mgodini, kiwandani wala kwenye mazingira mengine ya hatari. Ajira nyingi za rasmi, kwa hiyo, zimefungwa kwa umri, na nyingi zinazobaki ni zile ambazo mwajiri anajua huwezi kwenda kumshtaki.

Kwa binti anayeahidiwa kazi za ndani mjini, naomba mzazi asimame hapa kwa muda mrefu zaidi. Jina kamili la mwajiri, mtaa, namba ya simu inayopokelewa, kiasi cha mshahara na nani ataupokea: kama lolote kati ya haya halijulikani, asipande basi.

Dalili ya kufanikiwa: Una ukurasa wenye mapato na matumizi ya wiki moja ya mtu halisi, na umri ambao kazi hiyo inaruhusiwa kisheria.

## Hatua ya 6: Chunguza njia zilizo kati ya kubaki na kuondoka

Familia nyingi huona njia mbili tu, kumbe zipo zaidi.

VETA, yaani vyuo vya serikali vya ufundi stadi, hupokea waliomaliza darasa la saba na waliomaliza kidato cha nne kulingana na fani. Kozi ndefu kwa kawaida huanza Januari, na maombi hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia, kwa hiyo anayeacha shule Februari akidhani ataingia VETA Machi atakaa nyumbani karibu mwaka mzima. Fika chuoni mwenyewe, uone karakana, uulize ada, vifaa unavyotakiwa kwenda navyo na malazi.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo ni 54 nchini, hufundisha ufundi pamoja na masomo, na baadhi vina sehemu ya kuwaangalia watoto wadogo wakati mama zao wako darasani. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo mikoani, na kupitia SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, imekuwa ikiwafundisha wasichana waliokatisha sekondari, masomo ya miaka minne kwa miaka miwili. Ulizia kituo cha mkoa wako na nafasi zilizopo.

Aliyeko kidato cha kwanza au cha pili aulize pia kama kuna shule yenye mkondo wa amali karibu. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unaruhusu mwanafunzi kusoma ufundi ndani ya sekondari, na kijana anayependa gereji kuliko ramani za Jiografia anaweza kuwa hajaichoka shule, amechoka kukaa.

Dalili ya kufanikiwa: Umetembelea au kupigia simu angalau taasisi moja, na una tarehe ya maombi, ada na masharti kwa maandishi.

## Hatua ya 7: Kaeni kikao na muandike uamuzi

Tarehe mliyoiandika hatua ya kwanza ikifika, kaeni mwanafunzi, wazazi au walezi, na mtu mmoja wa nje ya nyumba ambaye pande zote zinamheshimu. Mwanafunzi asome daftari lake kwa sauti kuanzia hatua ya pili bila kukatizwa. Kisha mzazi aseme nyumba inaweza kutoa nini, kwa kiasi na kwa tarehe.

Maoni yangu, baada ya kuwasikiliza wengi, ni haya. Aliyeko kidato cha nne amalize, hata kwa kujikokota, isipokuwa kama uhai au usalama wake uko hatarini. Wa kidato cha tatu amalize isipokuwa kama ana nafasi ya chuo iliyothibitishwa kwa barua. Wa kidato cha kwanza na cha pili mwenye kipaji cha mikono anaweza kubadili njia bila kupoteza sana, mradi abadili kwenda kwenye mafunzo yenye cheti. Kuacha shule kwenda kwenye kibarua kisicho na mafunzo ndiko ninakokupinga kwa kidato chochote. Fahamuni pia kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, kwa hiyo kizazi kinachokuja nyuma yenu kitasimama kwenye foleni moja na nyinyi kikiwa na elimu hiyo.

Angalizo: Msifanye kikao usiku baada ya ugomvi, na msikubali uamuzi wa "tutaona".

Dalili ya kufanikiwa: Kuna ukurasa mmoja wenye uamuzi, nani atafanya nini, na saini za waliohudhuria.

## Hatua ya 8: Tekeleza kwa utaratibu

Ukiamua kubaki, peleka ile orodha ya masomo manne kwa walimu wake na uwaombe wakuonyeshe mada tatu zinazojitokeza mara kwa mara kwenye mitihani. Tafuteni wanafunzi wanne wa kusoma pamoja mchana, hapohapo shuleni, ili msitegemee taa ya nyumbani. Ukiwa kidato cha nne, hakiki jina, tarehe ya kuzaliwa na masomo yako kwenye fomu ya usajili wa mtihani. Kosa la herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne litakupeleka kwa wakili miaka baadaye kutafuta hati ya kiapo. Pitieni daftari pamoja kila mwisho wa mwezi.

Ukiamua kuondoka, usitoroke. Nenda ofisini na mzazi, mweleze mkuu wa shule, rudisha vitabu vya shule, na uombe nakala za ripoti zote, namba ya PReM na barua inayoeleza kidato ulichofikia na mwenendo wako. Karatasi hizi hupatikana kwa urahisi siku ya kuaga kuliko baada ya miaka sita, mkuu wa shule akiwa amehamishwa.

Kama unakwenda kwa fundi badala ya chuo, andikianeni mkataba mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji: utajifunza kwa miezi mingapi, ada ya fundi ni kiasi gani, vifaa vya nani, utaanza lini kulipwa, na ukiumia nani anakutibu. Tunza kumbukumbu ya kazi unazofanya, kwa picha na tarehe. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi aliyejifunzia kazini hupimwa na kupewa cheti, na kumbukumbu hizo zitakusaidia siku hiyo.

Mwisho, katika ukurasa wa nyuma wa daftari andika Januari mbili zinazofuata. Usajili wa watahiniwa wa QT na wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa na faini au hukosa kabisa. Kila ifikapo Januari, kaeni na mzazi, mtazame kazi imeingiza nini, kisha mwulizane kama huu ndio mwaka wa kujisajili. Weka akiba ya ada ya usajili kuanzia mshahara wa kwanza, na ripoti zako uzikabidhi kwa mtu asiyehamahama.